Lori linazimika njiani: usianze na pompi

Lori kuukuu la mazutu likianza kuzimika lenyewe barabarani, kuna jibu moja utakaloletewa upesi gerejini hapa Bunia, uwe Bigo, Mudzipela au Nyakasanza: «Patro, ni pompi.» Huenda ni kweli. Lakini pompi ya injeksio ndiyo kipande ghali kuliko vyote vinavyoweza kuleta ugonjwa huo, na ndiyo ambayo fundi wa kawaida hana namna ya kukupimia mbele ya macho yako. Kabla hujatoa dola mia kadhaa, toa kwanza hela ya chai.

Nazungumzia malori ya zamani: yale ya Kijapani ya tani nne hadi nane, na yale ya Kijerumani yenye pua ndefu, yote yenye pompi ya kawaida isiyo na kompyuta. Motere ya namna hii haina plagi wala koili. Inachodai ni mazutu safi yasiyo na hewa ndani, na kwa malori mengi, umeme kidogo wa kushikilia kizimio kikae wazi. Kizimio ni kile kidude kilichofungwa kwenye pompi, kinachokata mazutu ukizungusha ufunguo kuzima. Basi motere ikikata moto njiani, ukangoja dakika kumi ikawaka tena, tatizo liko kwenye njia ya mazutu au kwenye njia ya umeme. Ukishajua ni ipi, umeshaokoa nusu ya pesa.

Atakuja pia kijana mwenye mashine ya kusoma hitilafu, ile inayochomekwa chini ya usukani. Kwa gari dogo la miaka hii ina kazi. Kwa lori lako hakuna hata tundu la kuichomeka. Usimlipe.

Mtu wa kuuliza kwanza ni shofere, na konvwayeri wake asiachwe nje. Muulize lilivyozimika. Lilikata ghafla, hasa likigonga shimo, na taa za dashibodi nazo zikapepesa? Anza na umeme. Lilipoteza nguvu mlimani, likatetemeka, likakohoa, ndipo likazima? Anza na mazutu. Linazimika likishapata moto sana tu, na asubuhi halina shida? Hapo kizimio na pompi vyote vinashukiwa, na ndipo wengi wanapoliwa, kwa sababu fundi huchagua kile chenye bei kubwa.

Kipimo cha kwanza ni balbu. Nunua balbu ndogo ya taa ya pembeni ya wati 5, kishikio chake na waya mwembamba wa mita nne. Angalia volti kwanza: malori mengi yana betri mbili zilizofuatana, yaani volti 24, na balbu ya volti 12 itaungua papo hapo. Ncha moja ya waya ifungwe pale umeme unapoingilia kizimio, nyingine kwenye chuma cha bodi. Balbu yenyewe ipitishwe dirishani na kubandikwa kwa gundi ya karatasi mahali shofere anaiona bila kugeuza kichwa. Kisha mwendelee na kazi zenu.

Siku lori litakapozimika, shofere asiguse ufunguo kabla ya kutazama balbu. Ikiwa imezimika pamoja na motere, umeme umekatika mahali fulani kati ya betri na kizimio: fyuzi, kontakti, rilei, kiungo kilicholegea, au waya uliosuguana na chuma hadi ukabaki uchi. Ikiwa bado inawaka, nyaya hazina kosa. Linabaki jambo moja la umeme, kizimio chenyewe kukatika ndani kikipata joto. Mtu mmoja afungue na kufunga ufunguo huku mwingine ameshika kizimio kwa vidole: kikiwa kizima kinapiga «tak» na unausikia mkononi. Kikiwa kimya ilhali balbu inawaka, umekikamata.

Kipimo cha pili ni bidoni. Chukua bidoni safi ya lita 20, utie mazutu uliyoyachuja kwa kitambaa, uifunge imara nyuma ya kabini, mbali na bomba la moshi. Mpira mmoja utoke humo moja kwa moja hadi pompi ndogo inayovuta mazutu. Mpira wa pili, ule unaorudisha mazutu yaliyozidi, uingie humo humo. Ukiusahau huu wa pili, bidoni itakauka upesi kwa sababu mazutu yaliyozidi yatakuwa yanarudi kwenye tangi. Tangi la lori sasa limewekwa kando. Pita njia ile ile, na mzigo ule ule. Lori likienda bila kuzimika, pompi kubwa haina kosa. Kasoro iko ndani ya tangi, kwenye mfuniko wake, au kwenye mabomba ya kutoka tangini.

Ukiweza kupata mpira unaoonyesha ndani, tumia huo. Mazutu yakipita na vipovu, kuna mahali hewa inaingia. Mahali pa kuvuta hewa huenda pasidondoshe hata tone moja, ndiyo maana fundi anayetafuta uvujaji kwa macho hapaoni.

Vipimo vyote viwili kwa pamoja ni balbu, waya na mita tatu za mpira. Bidoni unayo nyumbani. Gereji ikidai pesa nyingi za «kutafuta panne», linganisha na hapo, na kabla hawajashika spana uulize kama pesa hizo zitapunguzwa kwenye bili ya matengenezo. Wengine hukubali. Wasiokubali ni afadhali uwajue mapema.

Sasa matengenezo, nikianza na yale ya karibu bure.

Mfuniko wa tangi una kitundu cha kuingizia hewa. Vumbi na tope vikikiziba, tangi linabaki kama mtoto anayenyonya chupa iliyozibwa: pompi inavuta, hakuna kinachokuja. Lori likizimika, legeza mfuniko usikilize. Ukisikia hewa ikiingia kwa mvumo, umepata jibu. Sindano na mazutu kidogo vinazibua. Usikubali mfuniko utupwe na tangi lifungwe kwa kitambaa, maana utakuwa umeondoa tatizo moja na kukaribisha maji ya mvua na vumbi.

Uchafu ndani ya tangi una tabia yake. Motere inavuta, taka zinajikusanya kwenye mdomo wa bomba, lori linazima. Wakati mnajadiliana barabarani taka zinaanguka chini, lori linawaka, na kila mtu anamsifu aliyegonga pompi kwa spana. Tiba ni kushusha tangi na kuliosha. Unalipa kazi ya mikono na mazutu kidogo yanayopotea. Lakini tangi lililoota kutu ndani litarudia baada ya wiki chache, na hapo ni afadhali kutafuta la okazio lililo safi kuliko kulipa kuoshwa mara ya pili na ya tatu. Kabla ya kununua la okazio, tia mkono ndani na kitambaa cheupe. Na fundi wa kuchomelea asiguse tangi kwa moto kama bado lina mvuke wa mazutu. Limeshaua watu tangi tupu.

Mipira na washa za shaba ni vitu vya bei ndogo ambavyo watu huvibania bure. Mpira uliopasuka nywele karibu na kibano hufungwa kwa ukanda wa chubu, unashika siku mbili, unavuta hewa tena. Kata sehemu mbovu au weka mpya, uliotengenezwa kwa mazutu, maana mpira wa maji unalainika ndani na kujifunga wenyewe. Washa za shaba za zamani zinaweza kutumika tena zikichomwa hadi ziwe nyekundu kisha zikapozwa, lakini mpya ni rahisi kiasi kwamba kuni za kuzichomea karibu zizidi bei.

Filta ndiyo pekee nitakayokuambia ununue ya bei ya juu. Ya bandia ina karatasi chache na raba ngumu isiyoziba vizuri. Leo umeokoa dola mbili tatu, mchanga unaopita unakula pompi. Shika zote mbili dukani: nzito zaidi, yenye karatasi nyingi na raba laini, ndiyo yako. Hakikisha pia kikombe cha kukusanyia maji chini ya filta hakijaondolewa, maana kwenye malori mengi ya zamani kimeng'olewa na mtu aliyechoka kukimwaga. Kukirudisha, hata cha okazio, ni pesa nzuri. Kimwage kila asubuhi kabla ya kuwasha.

Nikitaja maji, lazima nitaje mazutu yenyewe. Ya kwa Kadhafi, muuzaji wa mafuta wa kando ya barabara, yanapatikana saa yoyote, kwa lita tano au kwa chupa, hata siku stesheni zimekauka. Lakini yamepita kwenye mapipa na bidoni ambazo hujui zilibeba nini. Mimina kidogo kwenye chupa nyeupe, iache itulie nusu saa. Maji na taka vinashuka chini. Mafuta ya taa yaliyochanganywa huwezi kuyaona hivyo, na hayo ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa pompi inalainishwa na mazutu yenyewe na mafuta ya taa hayalainishi vya kutosha. Kwa jenereta ndogo ya mazutu uamuzi ni wako. Kwa lori, lijaze stesheni siku mazutu yapo, hata kama lita ni ghali kidogo, na kwa Kadhafi nunua ya kukufikisha tu.

Kwa upande wa umeme, kosa kubwa ni kununua kontakti ya okazio. Ile ilitolewa kwenye gari kuukuu kama lako na imechakaa kama yako. Ukikosa mpya inayofaa, weka swichi ya kawaida ya chuma yenye fyuzi yake, ipeleke umeme kwenye kizimio. Haipendezi macho, inadumu. Kwenye waya pia kuna mtego: unaouzwa rahisi sokoni mara nyingi ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Kwaruza kwa kisu. Ukiona weupe ndani, uache.

Mwenye kipimo cha volti asome kwenye betri, kisha kwenye kizimio, motere ikiwa inanguruma. Lori la volti 24 linalochaji vizuri litaonyesha kama 27 hadi 28 kwenye betri. Kwenye kizimio ikiwa pungufu kwa zaidi ya volti moja, kuna kiungo kimeoza njiani, au waya wa masi haushiki chuma. Kusugua masi kwa msasa hakuna gharama.

Kuna ujanja wa waya wa moja kwa moja kutoka betri hadi kizimio. Unakutoa porini, na siulaumu. Usiuache hapo. Ufunguo hautazima motere tena, na waya usio na fyuzi ukigusa chuma unaweza kuchoma kabini nzima.

Sasa pompi. Ifikirie tu kama balbu iliwaka, kizimio kinapiga, bidoni haikusaidia, na lori huzimika likiwa la moto kisha likakataa kuwaka hadi lipoe. Kama pompi yako ni ya duara, si ile ndefu ya mstari, kuna kipimo cha mwisho: motere ikiwa imezimwa na imekataa kuwaka, funika pompi kwa kitambaa kilicholowa, ngoja dakika chache, jaribu tena. Ikiwaka, vyuma vya ndani vimelika. Lakini usimwage maji baridi juu ya pompi ya moto inayozunguka: inaweza kukwama hapo hapo, na hiyo itakuwa bili ya pili.

Una njia nne. Fundi wa hapa mjini aifungue juu ya meza na kubadili raba: ni rahisi, siku mbili, na inafaa kama pompi inavuja tu. Kama vyuma vimelika, hiyo ni kupaka rangi. Ya pili, kuipeleka kwenye karakana yenye benchi ya kupimia, kwa kawaida Kampala: bei inapanda mara kadhaa, lakini pompi inarudi imepimwa, na karatasi ya vipimo uidai. Ya tatu, pompi ya okazio, kwa mfano kutoka soko la Kisekka kule kule Kampala: bei ya katikati, bahati nasibu, na ukiifunga hapa hakuna wa kuirudisha. Ya nne ni mpya, ambayo kwa lori la umri huo inaweza kukaribia sehemu kubwa ya thamani ya lori lenyewe. Mimi ningechukua ya pili. Ya tatu kama tu muuzaji anakubali ipimwe kwenye benchi mbele ya mtu wako kabla pesa hazijatoka mkononi.

Bei utakayoambiwa kwa simu si bei utakayolipa. Kuna nauli ya mzigo. Kuna mtu wa kuipeleka na kuirudisha. Kuna makato ya kutuma na kutoa pesa kwa simu, na hasara ya kubadili faranga kuwa dola kisha dola kuwa shilingi za Uganda. Noti ya dola iliyochanika ukingoni itakataliwa, na ukiipeleka kubadilishwa unapewa pungufu. Raba na filta mpya za kufungia. Kazi ya kuiweka kwenye majira yake sawasawa. Nozeli nazo zikikutwa mbovu, bili inaanza upya.

Na kuna forodha. Wengi waliamini kwamba Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, vipuri vya Kampala vingepita mpaka wa Goli na Mahagi bure. Kipande kilichotengenezwa Japani au China hakigeuki kuwa cha Jumuiya kwa kulala dukani Kampala, na TVA ya asilimia 16 ipo pale pale. Kwa pompi yako iliyokwenda kutengenezwa, hakikisha ilitoka na karatasi ya kuonyesha ni yako na imetoka Bunia, isije ikarudi ikahesabiwa kama bidhaa mpya. Wakala akikupa bei moja nene, mwambie aipasue: ushuru kiasi gani, TVA kiasi gani, yake kiasi gani.

Kisha siku za kulala. Tuseme lori linakuachia dola 50 kwa siku baada ya mazutu na posho. Pompi ikikaa siku kumi nje, umepoteza 500 hata kabla ya kulipa karakana. Hesabu hiyo wakati mwingine hufanya pompi ya okazio ya kesho iwe rahisi kuliko ya benchi ya wiki ijayo. Mara nyingi zaidi huonyesha kwamba siku mbili za balbu na bidoni zilikuwa za faida, kwa sababu katika siku hizo mbili lori lilikuwa kazini.

Isipokuwa kwenye njia kadhaa. Lori linalozimika usilipakie kwenda Komanda na Luna, ambako magari yamekuwa yakisindikizwa na wanajeshi kwa misafara: msafara haukungoji ukivuta pompi ya mkono. Barabara ya Mahagi nayo si ya kujaribia. Zungukia mjini, beba mchanga au matofali, hata kwa faida ndogo, hadi ujue ugonjwa.

Kama mfukoni una dola ishirini tu na mwenye mzigo anakupigia simu, fanya hivi leo: zibua mfuniko, mwaga maji ya filta, badili mpira ulio karibu na pompi ndogo na washa zake, sugua masi, funga balbu. Filta nzuri ifuate pesa ikipatikana. Mwenye dola mia aongeze kuosha tangi na waya mpya wa kizimio. Hakuna kati ya hivyo kitakachotupwa hata kama mwishoni itakuwa ni pompi kweli, maana pompi mpya ikiwekwa kwenye tangi chafu itakufa vile vile.

Mkubaliane malipo kabla ya kazi: nusu mwanzoni, nusu baada ya jaribio, na vipande vya zamani virudi kwako. Pompi iliyokufa bado ina bei, na gereji inalijua hilo kuliko wewe. Jaribio lisiwe kuzunguka mtaa likiwa tupu. Ziwa Albert liko karibu mita 620 juu ya bahari, Bunia imepita 1,200, na tofauti hiyo yote lori linaipanda likitoka Kasenyi, ufukweni mwa ziwa, na mzigo. Kasoro ya mazutu ikiwapo, itajitokeza kwenye ule mlima. Likifika juu bila kuzimika, balbu ikiwa inawaka dirishani, fundi apewe nusu yake iliyobaki siku hiyo hiyo.